Bastola ya Bi Oleta na Suruali za Lastiki

Walioingia nyumbani kwa Bi Oleta Stallcup mwezi wa Februari hawakugusa televisheni. Walivunja mlango wa jikoni kwa teke mchana kweupe, wakafungua friza, wakabeba soseji zote za nyama ya kulungu ambaye mama huyo alimpiga mwenyewe msimu wa kuwinda, wakachukua na oveni ndogo ya kupashia chakula, wakaenda zao. Bi Oleta alikuwa ndani ya beseni la kuogea, povu hadi shingoni, akisikia kila kitu.

"Dakika kumi na moja," aliniambia. "Nimekaa uchi kama nilivyozaliwa, nimeshika brashi ya mgongo, najisemea, wakiingia humu nitawasugua mpaka wafe."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu, akainuka kuegemeza kiti kwenye mlango wa jikoni.

Mimi na Bi Oleta tulipika pamoja jikoni mwa shule ya Pickens Ford kwa miaka kumi na mmoja, mpaka alipostaafu. Mimi ni mtu wa Same, Upareni, lakini nimekaa Arkansas miaka ishirini na mmoja, na mambo mengi ya huku nimeyazoea hadi siyaoni tena. Yeye ana miaka sitini na tisa, mfupi, mnene kuanzia kiunoni kushuka, ulimi hauna breki. Mumewe Hershel alifariki miaka minne iliyopita katika nyumba ileile waliyoishi miaka arobaini na miwili. Ana kuku tisa na bustani ya maharage, na hana hamu ya kuishi mahali pengine popote chini ya jua.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mwanawe Garland, anayeuza bima Dallas, aliendesha gari kwa saa sita, akatengeneza mlango, kisha akaketi mezani akamtolea mama yake hukumu. Nilikuwepo, nimeshika bakuli la maharage nikijifanya nayachambua.

"Mama, ni mawili. Unahamia kwetu, chumba juu ya gereji kipo, kina kiyoyozi. Au unabeba bastola."

"Kabati limejaa bunduki za baba yako."

"Sasa utaoga na bunduki ya kuwindia bata? Nasema bastola. Mwilini. Kila siku. Siyo kwenye droo, siyo chini ya mto."

"Na wewe utajuaje?"

"Nitakuja siku ya kupamba makaburi. Nikikuta huna, tunapakia vitu."

"Nikiwa nayo?"

"Nikikuta unayo, sitaitaja Dallas tena."

"Haya," akasema Bi Oleta, na wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe. Ndivyo walivyo hawa wawili. Hata siku tulipomzika Hershel, Garland alimpa mama yake mkono.

Siku ya kupamba makaburi ni Jumapili ya mwisho ya Mei, watu wa huku wanapokutana kusafisha makaburi ya jamaa zao na kula pamoja. Alikuwa na miezi mitatu ya kuiokoa nyumba yake.

Tulianzia kwa Delbert, ambaye anauza bunduki upande mmoja wa duka na chambo cha samaki upande wa pili. Kando ya birika la kahawa huwa kuna wazee watatu, na sijawahi kuwaona wakinunua kitu. Delbert hakutuuliza tunataka nini. Alitutazama tu, akainama, akatoa bastola ya rangi ya waridi inayotosha kiganjani.

"Hii ndiyo ya akina mama."

"Kwa nini?" akauliza Bi Oleta. "Risasi zake zinanukia marashi?"

"Ni ndogo, Bi Oleta. Inaingia popote."

"Hata mende anaingia popote, Delbert, na sijawahi kumlipia."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Lakini alipojaribu kuikoki, kile chuma cha juu hakikusogea. Akavuta, akakunja uso, akaibana katikati ya magoti. Wapi. Mzee mmoja, Vernon, akaona hapo pana nafasi ya kufundisha. Akapandisha shati kutuonyesha yake ilivyokaa kiunoni.

"Funika hilo tumbo, Vernon," akasema Bi Oleta. "Nimetoka kula."

Mwishowe Delbert akampa bastola ya silinda, nyepesi kama kopo tupu. Haikokiwi, unavuta kifyatulio tu. Alifurahi nayo. Njiani aliishika mapajani ndani ya boksi lake, akasema, "Umeona? Kazi rahisi. Garland atakula maneno yake."

Kwa shabaha tulikwenda kwa Twyla, aliyekuwa askari wa gereza miaka ishirini na mitano. Siku hizi anafundisha watu nyuma ya malisho yake, penye ukuta wa udongo. Twyla ni mrefu, hacheki ovyo, na anawaita watu wote kwa heshima hata anapowatukana. Alipoiona ile bastola nyepesi, akaguna.

"Nani amekuuzia hiyo, Bi Oleta?"

"Delbert. Kasema ndogo inamfaa mtu mdogo."

"Haya. Piga."

Bi Oleta akapiga. Risasi ilikwenda inakojua yenyewe, mkono ukaruka hadi usawa wa kofia, na kinywani mwake likatoka neno ambalo mwalimu wa shule ya Jumapili hatakiwi kulijua. Ng'ombe wa Twyla wakageuka wote kutazama.

"Imenipiga mimi!" akalia, akiutikisa mkono. "Jambazi ataniokota chini!"

"Ndiyo zilivyo," Twyla akasema. "Bastola ikiwa nyepesi hivyo, haina mwili wa kupokea kishindo. Chote unakipokea wewe. Huo ni ugonjwa wa wanaume wa huku: wakimwona mwanamke mfupi, wanamchagulia kitu kifupi. Shika hii."

Akampa nyingine, nene kidogo, nzito kidogo, ya magazini, ambayo chuma chake cha juu kilivutika kama droo ya kabati. Bi Oleta akavuta pumzi, akakumbuka kwamba alikuwa anaangusha kindi na bunduki ya babu yake akiwa na miaka minane, na katika risasi kumi akatoboa sahani ya karatasi mara saba. Twyla alihesabu matundu, akaingia ndani. Alimletea tu chai ya barafu yenye sukari, na kwa Twyla hiyo ni medali. Siku iliyofuata Delbert alirudishiwa mali yake, akatoa nyingine kama ile ya Twyla, akinung'unika.

Basi bastola ikapatikana. Kumbe kuipata ilikuwa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Ngumu ilikuwa ataivaa wapi. Vitabu na video zote za kubeba bastola kwa siri zinaanza na mkanda, na Bi Oleta hajavaa mkanda tangu mimba ya Garland. Ana suruali kumi na mbili, zote za lastiki, ambazo anaziamini kuliko benki. Alichomeka ala, yaani mfuko wa bastola, kiunoni, akaenda duka kubwa kununua unga. Kwenye sehemu ya vyakula vya barafu, bastola ikaanza kushuka na suruali ikaona vyema iifuate. Alinisimulia jinsi alivyorudi hadi kwenye gari, mkono mmoja umeshika kiuno, mwingine unapungia watu wa kanisani.

Akahamia kwenye kifundo cha mguu. Wiki nzima alitembea kama kuku aliyefungwa kamba, na kuku wake mwenyewe wakamshangaa. Nikamuuliza ataifikiaje jambazi akija, maana hawezi kuinama, hata viatu anavivaa kwa kijiti. Akasema, "Nitamwomba asubiri."

Akaagiza ala ya kuvaa kwenye sidiria. Hiyo sitaieleza sana. Niseme tu kwamba mchungaji alikuja kumtembelea, wakawa wanazungumza kuhusu paa la kanisa, na Bi Oleta akawa anajikuna na kujipindapinda kitini mpaka mchungaji akamuuliza kwa upole kama angependa waombe pamoja kuhusu jambo fulani. Baadaye akavaa mkanda mpana wa tumboni, ule wa kitambaa. Ulikaa vizuri mpaka joto la Mei lilipoingia, akatokwa vipele vilivyozunguka tumbo lote.

"Mwanangu," akaniambia, amejipaka poda nyeupe pee, "mwili wangu ulitengenezwa kwa ajili ya kupika. Hakuna mahali pa silaha."

Ndipo akanunua mkoba. Ulikuwa wa ngozi ya kahawia, mzuri kweli, wenye mfuko wa siri ubavuni, na ndani yake ala iliyoibana bastola barabara. Alimpelekea Twyla kumwonyesha, anatabasamu kama bibi harusi.

"Hapana," akasema Twyla.

"Hujautazama hata."

"Sihitaji, Bi Oleta. Mkoba ni kitu unachoweka chini. Kilicho kiunoni huwezi kukisahau mahali."

"Mkoba wangu haujawahi kutoka mkononi mwangu."

Mimi nikaangalia ng'ombe. Mwezi uliotangulia alikuwa ameuacha mkoba wake wa zamani ndani ya toroli la kununulia vitu, nikaukimbilia mimi. Ningesema. Sikusema, kwa sababu alikuwa amechoka na Mei ilikuwa imeshaanza, na jambo hilo linanikera mpaka leo.

Twyla hakuwa mtu wa kanisa letu, kwa hiyo hakujua habari ya peremende. Mimi nilijua. Kila mtoto aliyekulia kanisa lile amelelewa na mkoba wa Bi Oleta. Mahubiri yakiwa marefu, wanateleza chini ya mabenchi mmoja mmoja mpaka kwake, mkono unaingia mkobani, peremende inatoka, mtoto anarudi alikotoka. Hawaombi, na hawajawahi kuambiwa waombe. Garland mwenyewe alilelewa hivyo, na wengine waliolelewa hivyo sasa wana vipara.

Jumapili ya pili ya Mei mchungaji alituomba tuinamishe vichwa kwa maombi ya kimya. Kanisa likatulia, ukasikia feni tu. Mkoba mpya ulikuwa juu ya benchi kati yangu na Bi Oleta. Ndani ya gari alikuwa ameufungua mfuko wa siri kuhakikisha kila kitu kimekaa sawa, na zipu hakuifunga hadi mwisho. Nikasikia kitu kinakwaruza. Kisha sauti ya Maylee, mtoto wa miaka minne, ikapaa kanisa zima:

"Bi Oleta, hii peremende imekwama."

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mchungaji alicheka, waimbaji walicheka, bibi yake Maylee alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Nikafumbua macho. Mkono wa mtoto ulikuwa umezama hadi kiwikoni ndani ya mfuko wa ubavuni, anavuta kwa nguvu zake zote, ulimi nje. Bi Oleta alikuwa ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Hakuwa na rangi usoni. Watu mia moja na ishirini wanacheka, na sisi wawili tunajua.

Alimtoa kidole kimoja kimoja. Akafunga zipu. Akainuka na mkoba, akatoka, watu bado wanajifuta machozi ya kucheka. Nilimkuta nyuma ya kanisa kati ya magari, anavuta zipu ya mkoba tena na tena kuhakikisha imefungwa.

"Ilikuwa imefunikwa," nikamwambia. "Kifyatulio kilikuwa ndani ya ala, mkono wake usingekifikia."

"Alikuwa anavuta," akasema. "Mtoto alikuwa anavuta, na mimi nimefumba macho namwomba Mungu anilindie nyumba."

Mchana uleule alikwenda kwa mama yake Maylee, akamweleza yote mwenyewe. Mtu mwingine angenyamaza, maana hakuna aliyejua ila sisi wawili. Yule mama alimsikiliza, akamshukuru kwa kumwambia ukweli, akamsindikiza hadi mlangoni. Jumapili iliyofuata familia ile ilikaa upande wa pili wa kanisa.

Twyla alipopata habari alikuja mwenyewe. Hakumsimanga. Alileta suruali ya kitambaa kigumu yenye vishikio vya mkanda, mkanda mgumu wa ngozi, na ala iliyofinyangwa kwa bastola ileile, ya kuvaa ndani ya kiuno, nyuma kidogo ya nyonga. Juu yake shati pana. Bi Oleta aliivaa siku kumi mfululizo. Alilisha kuku nayo, alipalilia nayo, alikuja kwangu kula, na mimi niliyejua ipo sikuweza kuiona. Haikushuka, haikukwaruza. Baada ya miezi mitatu ya vituko, mambo yalikuwa yamekaa sawa kabisa. Garland angekuja, angeangalia, angerudi Dallas mikono mitupu.

Asubuhi ya kupamba makaburi nilipita kumchukua. Alikuwa jikoni anafunika bakuli la pudini ya ndizi. Amevaa suruali ya lastiki.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Chumbani, kwenye kisanduku cha chuma. Namba naijua mimi tu."

"Bi Oleta, leo ndiyo leo! Garland yuko njiani!"

"Najua tarehe."

"Si uivae kwa saa mbili tu! Akishaondoka uvue!"

"Twyla anaweza kubeba. Vernon anaweza, Mungu amsaidie. Wala sisemi ni vibaya." Akabana mfuniko wa bakuli kwa viganja vyote viwili. "Mimi kila nikiivaa nahisi ule mkono. Leo kutakuwa na watoto arobaini pale, na wote watanirukia, maana hawajui kunisalimia vingine. Nitakuwa nawasukuma mbali. Sitaki kuwa mtu huyo, hata kwa ajili ya nyumba."

"Na Garland?"

"Garland nitamwambia." Alitazama jikoni kote, jiko, dirisha, ndoano ya kofia ya Hershel, akaniambia nibebe pudini.

Makaburini meza zilikuwa zimeshapangwa chini ya turubai: kuku wa kukaanga, mayai yaliyojazwa, maharage mabichi yaliyopikwa na nyama ya nguruwe. Watu walikuwa wanang'oa majani na kuchomeka maua. Garland alifika saa tano, shati limenyooka, akatembea moja kwa moja hadi kaburini kwa baba yake alikokuwa mama yake. Hakumpa mkono. Alifungua mikono yote miwili, akamkumbatia, na kwa muda nilidhani kuna msiba mwingine ambao sijaambiwa. Kisha nikaona viganja vyake. Vilikuwa vinapapasa kiuno cha kulia, kiuno cha kushoto, chini ya kwapa, kama askari wa uwanja wa ndege. Alikuwa anamkagua.

"Haipo," akasema.

"Haipo," akasema Bi Oleta, uso umezama kifuani mwake.

"Tulipeana mkono, Mama."

"Tulipeana. Sitakataa. Nimeiacha nyumbani na nina sababu, nitakueleza, na ukisema tupakie nitapakia. Lakini usiniachie kwanza."

"Nini?"

"Endelea kukagua. Mgongoni hujafika."

Garland akacheka, cheko moja fupi la puani. Hakumwachia. Nilipaswa kuondoka na sikuondoka.

"Wewe ulihesabu dakika kumi na moja," akasema. "Mimi jirani alinipigia, kaniambia mlango umevunjwa na hupokei simu. Nikakaa saa nzima na nusu, Mama. Saa nzima na nusu nakupangia mazishi. Tangu siku hiyo sijalala. Nalala kwa saa mbili, naamka. Ile bastola nilitaka unibebee mimi, ili nilale."

"Mbona hukusema?"

"Nasema sasa."

Bi Oleta akampigapiga mgongoni kwa kiganja, taratibu, kama anavyofanya kuku wakishtuka. "Haya. Basi leo usirudi Dallas. Kitanda chako kipo."

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa nataka kumpelekea bakuli lake la pudini. Simu ikalia kabla sijatoka. Ilikuwa sauti ya Bi Oleta, chini sana, hata nikaogopa.

"Usije na hilo gari lako," akanong'ona.

"Kuna nini? Uko salama?"

"Ekzosi yako ina kelele. Bado amelala. Tangu jana saa mbili usiku, na viatu miguuni." Nikasikia anafunga mlango wa chumba polepole. "Njoo kwa miguu ukitaka. Pita mlango wa nyuma, nimeuacha wazi."